Asali na Boraksi

Bashira aliposhikwa na degedege mara ya kwanza, mama yake alikuwa chini karakanani, bomba la moto mkononi, anaunga pete.

Nyumba yenyewe iko mjini, mtaa wa Sokomuhogo, nyumba ya ukoo wa masonara: chini kazi, juu wanakaa watu. Riyama aliolewa hapo na Munir akitokea Jongowe, kisiwani Tumbatu, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kukaa akihesabu boriti za dari, alimwomba mumewe amfundishe kazi. Munir akamfundisha. Kuvuta waya wa fedha, kukata, kusugua, na gumu kuliko yote, kuunga. Na huwezi kuunga fedha bila boraksi. Ni madini meupe, ukiyaona utadhani shabu, yanachimbwa kwenye maziwa yaliyokauka huko nchi za mbali, yakachemshwa na kupozwa mpaka yakatakata. Unalisugua bonge lake juu ya kigae chenye maji, linatoa ute mweupe kama tui. Ute huo unaupaka kwenye kiungo kwa brashi, unaweka na kipande cha lehemu. Moto ukipiga, boraksi inafura kama bisi, kisha inanywea na kugeuka kioo. Kioo hicho kinazuia uchafu usiingie, na lehemu inakimbia ndani ya kiungo kama maji.

Siku ya kwanza kabisa Munir alimwambia, "Brashi hii usiilambe. Hata kuinyoosha ncha kwa ulimi, usithubutu. Haichomi mdomo, lakini ikishaingia mwilini haitoki upesi."

Basi alikuwa anaunga pete, akasikia wifi yake Maisara anapiga ukelele juu. Alizima moto, akapanda zile ngazi kwa mikono na miguu. Akamkuta mwanawe mapajani mwa Bi Kazija, mama mkwe wake, amekakamaa kama kuni, macho yamepinduka weupe, povu linamtoka. Mtoto wa miezi saba. Bi Kazija anasoma Ayatul Kursi na machozi yanamchuruzika.

Wakamkimbiza hospitali. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa hiki na kile, hakuna kilichoonekana. Daktari, mwanamke kijana aitwaye Salhiya, aliuliza, "Anakula nini?"

"Maziwa yangu na uji mwembamba," Riyama alijibu.

"Hakuna dawa yoyote ya nyumbani?"

"Hakuna."

Na alijibu kwa moyo mweupe, kwa sababu ndivyo alivyojua.

Walilazwa. Degedege likakoma. Wakarudi nyumbani, watu wakasema alhamdulillahi, na haikupita wiki likarudi. Safari hii na mengine juu yake: mtoto analia mchana kutwa, anatapika, makalio yamekuwa mekundu kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na nywele zinabaki kwenye mto kila anapolazwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Hayakuanza kwa kelele. Bi Kazija hakuwa mtu wa kelele. Alimwita Riyama chumbani, akamkalisha kitandani, akamshika mkono. "Mwanangu, sisemi kwa ubaya. Kwenu kuna mambo, kila mtu anajua. Mtu haendi kuoa Tumbatu akarudi na mke peke yake. Ukoo wetu huu ugonjwa hatunao. Nenda kawaulize wazee wako wanataka nini, wapewe, wamwachie mtoto."

Riyama aliutoa mkono wake polepole. "Mama, mwanangu anaumwa. Hana shetani."

"Nani kasema shetani? Umesema wewe."

Maisara yeye hakuzunguka. Alikwenda kusema kwa majirani, mlango kwa mlango, ati mchawi mpe mwana kulea, lakini hapa mchawi mwana ni wake mwenyewe, utampa nani? Maneno hayo yalipanda na kushuka mtaani mpaka yakamfikia Riyama sokoni Darajani, kwa muuza mchicha. Alisimama pale na fungu la mchicha mkononi, masikio yanawaka. Tangu utoto alikuwa anasikia mzaha huo wa watu wa mjini, kwamba Watumbatu hivi na Watumbatu vile, akicheka nao. Siku ile hakucheka. Aliurudisha mchicha mezani, akaondoka.

Akaletwa mganga. Riyama alikataa, Munir akamwambia, "Mridhishe mama tu, hakutadhuru kitu." Akakalishwa juu ya mkeka, akafukizwa ubani yeye na mwanawe mpaka mtoto akapaliwa, na mwanamume asiyemjua anamuuliza mbele ya wakwe zake jina la jini la bibi yake. Alimtazama mumewe. Munir alikuwa anatazama mkeka.

Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao.

Jongowe, mama yake Mwanakheri alimpokea mjukuu, akamvua hirizi ya mganga, akamwogesha maji ya uvuguvugu, akamlaza begani. Hakumfanyia lingine. Mtoto akalala. Akaamka, akanyonya, akalala tena. Siku zikaja zikapita, degedege halikurudi. Vidonda vya makalio vikakauka. Akaanza kucheka na kuku.

Riyama alimpigia mumewe simu, sauti inatetemeka kwa furaha. Munir akasema, kama mtu anayesoma maneno ya mwingine, "Mama anasema ni kawaida. Mwenyewe amefika kwao, ametulia."

"Nani mwenyewe?"

Riyama alikata simu, akaitupa kwenye nguo. Hapo ndipo hasira ilipomwingia ile ya kweli, ile isiyo na machozi. Mtoto akiumwa, ni Watumbatu. Mtoto akipona, ni Watumbatu vilevile. Ungefanya nini utoke kwenye mtego wa namna hiyo?

Alirudi mjini kwa sababu Munir alimfuata mwenyewe, akaomba radhi mbele ya Mwanakheri. Shikamoo yake ilipokewa kwa marahaba moja baridi, lakini mke akapewa. Siku za mwanzo mambo yalikuwa shwari. Riyama akarudi karakanani asubuhi, na mtoto akabaki juu na bibi yake kama zamani.

Siku moja kabla ya adhuhuri alipanda kuchukua maji ya kigae. Alikuwa miguu mitupu, hakusikika. Bi Kazija alikuwa ameketi dirishani, mtoto mapajani, na pembeni yake kikombe kidogo cha kahawa. Alikuwa anachovya chuchu ya mpira ndani ya kikombe, anaizungusha vizuri, anamtia mtoto mdomoni, huku anaimba kwa sauti ya chini. Bashira ananyonya kwa raha, miguu inacheza. Bi Kazija akaitoa, akachovya tena.

"Nini hicho, mama?"

"Asali." Hata hakushtuka. "Fizi zinamwasha maskini, meno yanataka kutoka."

Riyama akainama. Chini ya asali, kitakoni mwa kikombe, kulikuwa na unga mweupe umelala kama mchanga.

"Na hiki cheupe?"

"Dawa ya fizi. Boraksi ya marehemu mkweo. Naichukua mwenyewe kwenye kopo lenu huko chini, tangu alipofika mwezi wa tano. Usinitolee macho hivyo, ndiyo dawa ya siku zote. Zamani ilikuwa inauzwa hata duka la dawa."

Riyama alimchukua mtoto kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili. Akashuka ngazi amejibanza ukutani.

Munir alikuwa anapiga msasa bangili. Mkewe alimpa mtoto, akachukua waya, akaupasha ukawa mwekundu, akauchovya kikombeni, akaurudisha motoni. Asali ikaungua, ikatoa moshi na harufu ya sukari iliyoungua. Ikawa masizi. Kisha ndani ya masizi kitu cheupe kikaanza kufura, kikafura kama bisi, kikanywea, na kwenye ncha ya waya ikabaki shanga ya kioo, safi, inang'aa.

Sonara hahitaji kuambiwa. Munir aliitazama ile shanga mpaka ikapoa.

"Nani kaweka?"

"Mamako. Kila siku. Amenyonyeshwa hiyo, Munir, ile uliyonikataza nisiilambe hata brashini."

Na Munir, kwa kuwa ni mtoto wa mama yake, akasema neno ambalo baadaye angetoa chochote asiwe amelisema. "Pengine anatia kidogo tu."

Riyama alimtwaa mtoto. "Rudia."

"Riyama..."

"Rudia neno hilo, nilisikie vizuri."

Munir alifunga karakana, wakaenda hospitali.

Dakta Salhiya alikitazama kikombe, akasikiliza mpaka mwisho, uso wake ukabadilika. Alivuta kiti. "Sikilizeni. Mama yenu hakusema uongo. Zamani boraksi na asali ilikuwa dawa ya mdomo kwa watoto wachanga, hata madaktari waliitoa. Ilipoonekana inawatia degedege, na wengine inawaua, ikaachwa. Figo za mtoto hazina nguvu ya kuitoa. Leo kidogo, kesho kidogo, inajaa. Anatapika, ngozi inawaka, nywele zinatoka, mwisho inampiga kichwani. Akiwa kwenu Tumbatu alikuwa haipati, ndiyo maana akapona. Na hata hiyo asali, mtoto hapewi mpaka atimize mwaka."

"Asidi ya boriki je?" Munir aliuliza kwa sauti ndogo. "Nayo iko karakanani. Natengeneza mwenyewe. Nayeyusha boraksi kwa maji ya moto, natia tindikali, ikipoa vinaanguka vigamba vyeupe. Navikausha, navisaga. Wacheza keramu wanautaka unga wake, kete zinateleza. Baba alikuwa anaoshea macho."

"Ni ndugu mmoja na boraksi. Na mnaitumia kwa nini kingine?"

"Mende. Unachanganya na sukari na unga wa ngano."

"Basi," Dakta Salhiya alisema, "unajua mende wanakufa kwa nini."

Munir akainamisha kichwa. Mtoto akalazwa tena, akaoshwa kwa maji ya dripu, damu yake ikachukuliwa. Daktari akawaambia kwamba akiwekwa mbali na kile kikombe, kwa rehema za Mungu atakuwa salama. Mwanamke mwingine angepumua hapo. Riyama hakupumua. Alikuwa anasubiri kurudi nyumbani.

Alirudi siku mtoto alipotoka, na hakungoja hata avue buibui. Bi Kazija na Maisara walikuwa ukumbini wanachambua mchele. Munir akaeleza, akijikwaa, akizungukazunguka, mpaka Riyama akamkatiza.

"Mama, uliyempa mwanangu degedege ni wewe. Hakuna jini. Ni boraksi yako."

Ungo ukaanguka. Maisara alisimama. "Unamwambia nani maneno hayo? Unamwambia mama yangu?"

"Namwambia yeye, na wewe nakwambia vilevile, uliyenitembeza mtaani kama maiti ya mbwa."

"Nyamaza, Maisara," Bi Kazija alisema. Uso wake ulikuwa umekauka. "Mimi nimemlea mjukuu wangu kama nilivyowalea wanangu. Daktari wa juzi atanifundisha? Watoto sita nimewalea kwa dawa hii, asali na boraksi, mmoja mmoja, kwenye goti hili hili."

Na Riyama, hasira imempanda mpaka hamuoni mtu, akasema, "Sita? Mbona mimi nawajua wanne?"

Kulikuwa na kunguru nje juu ya bati, alisikika kila hatua.

Kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba kabla ya Munir kulikuwa na Ubwa, na baada yake akaja Mkadam, na wote wawili walikufa kabla ya kutambaa. Homa, ndivyo ilivyosemwa. Bi Kazija akatazama mikono yake iliyojaa vumbi la mchele. Kisha akainuka, akashika ukuta, akaingia chumbani mwake, na mlango ukafungwa.

"Toka!" Maisara alipiga kelele. "Toka nyumbani kwetu, muuaji wewe!"

"Natoka. Lakini mliyoyasema juu yangu mliyasema mbele za watu. Na mbele za watu mtayarudisha. Mpaka siku hiyo, mtoto huyu hamtamgusa."

Alikwenda Bububu kwa shangazi yake, akapewa chumba cha uani. Munir alibaki nyuma, akazungukazunguka baina ya mama na mke kama mbuzi aliyefungiwa kamba mbili, kisha siku moja akatokea mlangoni na sanduku la vifaa kichwani. Riyama alimsogezea meza. Bado alikuwa anakumbuka lile neno la "kidogo tu", na kuna siku alikuwa hawezi kumtazama akila.

Bashira akapona. Nywele zikaota laini, akatambaa, akasimama kwa kushika kigoda. Degedege halikurudi tena. Lakini maneno hayaponi kama mtoto. Jirani wa Bububu, mama mmoja mpole kabisa, alimuuliza siku moja kisimani, "Ati ni wewe yule wa Sokomuhogo, aliyekuja na kitu kutoka kwao?" Riyama aliishusha ndoo. Alirudi chumbani akamwambia mumewe, na Munir akasema, "Achana nao, mke wangu. Yamekwisha hayo."

"Yamekwisha kwako," akamwambia. "Wewe hawakukufukiza."

Habari za Sokomuhogo zilikuja kwa vipande. Mama hali. Mama hazungumzi. Kisha Munir akaleta habari iliyomshangaza hata Riyama: Bi Kazija alikwenda hospitali peke yake, akangoja kwenye benchi na wagonjwa mpaka akaonana na Dakta Salhiya. Alimweleza namna Ubwa alivyokufa, na namna Mkadam alivyokufa, kila mmoja alivyokakamaa. Akauliza, "Ni mimi?" Daktari akamwambia hawezi kujua. Miaka ile malaria ilikuwa inachukua watoto wengi kwa namna ile ile. Huenda. Huenda siyo.

Riyama alisikia hayo akiwa anasugua boraksi kigaeni. Alitaka kumhurumia. Huruma ilikuja, ikasimama mlangoni, na hasira ilikuwa imekaa ndani haijaondoka.

Ikafika hitima ya kila mwaka ya marehemu Mzee Mmanga, baba yake Munir. Riyama alikwenda, kwa heshima ya marehemu. Alivaa vizuri, akampaka mtoto wanja, akapanda zile ngazi mbele ya macho ya mtaa mzima. Ukumbi wa juu ulijaa wanawake, bega kwa bega. Alipoingia, mazungumzo yakapungua. Maisara akageuza uso. Riyama akaketi karibu na mlango, mtoto mapajani.

Wakasoma, wakaomba dua. Sahani zilikuwa zinaanza kupita Bi Kazija aliposimama. Alikuwa amekonda, kanga imemlegea. "Ngojeni," alisema. "Wekeni sahani."

Wakaweka.

"Mimi nilisema mjukuu wangu kaletewa shetani kutoka Tumbatu. Nilisema humu ndani, na mwanangu Maisara akaisema nje, na nyinyi mkaisema mbele zaidi. Ni uongo. Nilikuwa nampa boraksi na asali kwa mkono wangu huu, na ndiyo iliyokuwa ikimtikisa. Mama yake hana kosa. Watu wake hawana kosa." Sauti ilikuwa kali, kama anagombana na mtu. "Aliyeibeba habari ile na aibebe na hii. Na mwenye dawa hiyo nyumbani kwake, akaimwage chooni leo hii. Usiniambie ni dawa ya siku zote. Na mimi nilisema hivyo hivyo."

Bibi mmoja pembeni akasema taratibu, "Mimi nilimpaka wangu." Mwingine akajiziba mdomo kwa kanga. Maisara akainuka akaenda jikoni, na mlango wa jikoni ukapigwa kwa nguvu.

Riyama alikuwa akiingoja siku hiyo kwa miezi. Alidhani ikifika kitu kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Aliwatazama wale wanawake, waliokuwa wakimkwepa sokoni, sasa wanamtolea macho ya huruma, na akatamani kumtupia kila mmoja sahani yake.

Bi Kazija alikuja akipita baina ya magoti ya watu, akasimama mbele yake. Akanyoosha mikono.

"Nipe."

"Bado sijakusamehe, mama."

"Sikukuomba unisamehe. Nimekuomba mtoto."

Wakatazamana. Bashira mwenyewe, asiyejua lolote, alikwishamtambua bibi yake na alikuwa anajirusha mbele kwa mwili mzima, anacheka, vijino viwili vimeonekana.

"Kaa hapa," Riyama akasema. "Mbele yangu."

Bi Kazija akaketi sakafuni, wakawa goti kwa goti, akampokea mtoto, akamlaza kifuani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Riyama hakumfuta machozi wala hakugeuka pembeni. Alisogeza sahani zote mbali, mpaka kikombe cha maji, akakaa pale akiitazama ile mikono.